Gurudumu la Leguruki

Kazi yangu ni kupanga siku za watu wengine. Niko kwenye ofisi ya utalii hapa Arusha mjini, na mgeni akiwa bado angani mimi nimeshajua atakunywa chai wapi, atachimba dawa wapi na atampiga picha twiga yupi. Wenzangu wananiita Mama Ratiba. Wanadhani wananitania, kumbe wananisifu.

Kanuni yangu ni fupi. Siku nzuri ina mgongo mmoja, na mengine yote ni mikono na miguu. Mgongo ni lile jambo moja ambalo ukilikosa ni bora ungelala nyumbani. Hilo unaliweka asubuhi, kabla watu hawajajaa na mawingu hayajaamka. Mikono na miguu unaiacha icheze inavyotaka. Anayepanga kila dakika ni mpumbavu, na asiyepanga kabisa ni mume wangu.

Mama yangu, Nkasiogi, sisi wote tunamwita Yeyo. Katika maisha yangu hajawahi kuniomba kitu. Ukimpelekea sukari anauliza wewe umebaki na nini. Basi mwaka huu, baada ya mavuno, nilikuwa kwake Olmotonyi, juu ya Ngaramtoni, tunapukuchua mahindi barazani, akasema bila kuinua uso, "Nashipae, nataka kuona nyuma ya mlima."

Nikabaki na gunzi mkononi. Nilijua anasema nini.

Yeyo amezaliwa magharibi ya Mlima Meru, akaolewa hukohuko, na ukiwa upande ule mlima unauona mzima, umechongoka vizuri, hauna kasoro. Alikuwa na mdogo wake wa kiume waliyechunga naye mbuzi. Masika moja yule mtoto akaugua, akafa. Kwetu jina la mtoto aliyekufa halitajwi tena, na enzi zile mtoto mwenzake hakuelezwa mambo ya kifo. Yeyo alipouliza, wakubwa wakamwambia, "Amekwenda nyuma ya mlima." Akangoja. Kila jioni, mbuzi wakishafungiwa, alisimama nje ya boma akatazama kule juu. Baadaye alikua, akabatizwa, akaolewa, akatuzaa, akamzika baba. Alijua tangu zamani kwamba mdogo wake hayuko kokote. Sisi watoto wake tulijua kwamba alikuwepo mjomba. Jina lake hatukuwahi kulisikia.

"Najua hayupo," akasema siku ile. "Lakini nimemtafuta kule kwa macho maisha yangu yote, na kule kwenyewe sijawahi kukuona. Magoti yangu yanakwisha. Nikafe sijakuona?"

Nikamwambia nitampeleka hifadhini, nina watu getini. Akakataa katakata. "Kwa nyati siendi. Walinikimbiza nikiwa binti, na wakati ule magoti nilikuwa nayo."

Ndipo nikakumbuka gurudumu la Hemant. Hemant ni mtu wa familia ya duka la mabati, Wahindi wa Arusha tangu enzi za babu zake. Alinunua kilima huko Leguruki, mashariki kabisa ya mlima, akajenga bustani ya michezo: bembea, treni ya watoto, magari ya kugongana, na katikati gurudumu kubwa la chuma lenye vibanda vya rangi, linalopandisha watu juu kuliko mikaratusi. Ukiwa chini, ile mikaratusi inaziba na unaona ncha ya mlima tu. Ukiwa juu unaona yote. Nilishapanda mwenyewe nikikagua, na niliporudi ofisini nilikaa muda mrefu bila kusema, jambo ambalo wenzangu walidhani ni homa.

Nikapanga. Mgongo wa siku: Yeyo awe juu ya gurudumu milango ikifunguliwa tu, maana mlima ule hujifunika mawingu mapema na usiku kucha hukaa wazi bure. Mikono na miguu: Resiato, binti yangu wa miaka tisa, acheze atakacho, tule kabla foleni ya chipsi haijaanza, tupumzike popote magoti ya Yeyo yatakapoamua.

Kulikuwa na jambo jingine la kupanga, nalo ni Lemayian, mume wangu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Si ugomvi, ni heshima, na kwa hawa wawili ni heshima ya kuchosha watu. Tulipooana Lemayian alimpa Yeyo kondoo jike, na tangu hapo wanaitana Paker, yaani watu waliopeana kondoo, na wakitaka kuambiana jambo wanalituma kupitia kwa mtu wa tatu. Yeyo hawezi kulala kwetu Engutoto hata nyumba yake ikiungua. Kwa hiyo alfajiri tukaenda kumchukua Olmotonyi, tukavuka mji mzima kwenda mashariki. Nilimweka kiti cha nyuma kabisa cha gari letu, Noah, nikageuza kioo cha dereva kitazame dari, nikafunga chakula katika vyombo viwili. Niliona nimemaliza kila kitu, nikawa najipongeza kimoyomoyo tangu Ngarenaro mpaka Usa River.

Tulipofika mlima ulikuwa wazi, ncha yake inang'aa. Gurudumu likatokea juu ya miti, likizunguka polepole bila sauti, na Resiato akashika mdomo. Yeyo aliteremka kwenye gari akasimama, fimbo mkononi, shingo nyuma, shuka likamteleza begani asijue.

"Linakwenda wapi?" akauliza.

"Haliendi popote, Koko," Resiato akamwambia bibi yake. "Linazunguka tu."

"Na watu wanalipa?"

"Wanalipa."

Yeyo akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe wa ajabu. "Huyu mwenye chuma hiki ana akili," akasema.

Mwenye chuma alikuwa palepale mlangoni mwa gurudumu, kofia ya jua kichwani. "Shikamoo, mama," Hemant akasema. Yeyo akaitikia marahaba, akamgusa kichwa kama anavyowagusa watoto, na Hemant, mtu mzima mwenye mvi, akakiinamisha bila kuambiwa. Nyuma yetu foleni ilishaanza kurefuka. Sisi tulikuwa wa kwanza. Nilijisikia jemadari.

Hemant akafungua kibanda chekundu. "Haya, tiketi ya familia, watu wanne. Wawili huku, wawili kule, mkitazamana, magoti yasitoke nje."

Mkitazamana.

Nilikumbuka gari, nilikumbuka chakula, nikasahau kibanda. Mimi, Mama Ratiba, nilikuwa nimemkatia mama yangu na mume wangu tiketi ya kukaa goti kwa goti ndani ya boksi la chuma, hewani.

Lemayian aliliona kabla yangu. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akageukia mikaratusi. "Resiato," akasema, "mwambie Koko wako apande. Mimi nitakaa chini."

Hapo ingekuwa imekwisha. Lakini Yeyo, aliyekuwa ameshaweka mguu mmoja ndani, akautoa. "Resiato, mwambie Paker haiwezekani. Amenileta tangu usiku, halafu mimi nipande yeye abaki chini kama mlinzi? Apande yeye na mkewe."

"Mwambie Koko siku ni yake."

"Mwambie Paker gari ni lake."

Resiato alikuwa akigeuza kichwa huku na huku, hana hata haja ya kurudia maneno maana wote walisikia. Nikasema Yeyo, tafadhali, panda. Nikasema Lemayian, nyamaza. Yeyo akaanza kurudi nyuma upande wa kushoto wa foleni, na Lemayian akaenda kulia, wamepeana migongo, kila mmoja akimwachia mwenziwe heshima mpaka kibanda kikabaki kitupu. Watu wa nyuma wakalalamika. Hemant akanitazama, akainua mabega, akaingiza familia iliyofuata. Vibanda vyote vikajaa.

Niseme ukweli kuhusu mume wangu. Ile heshima yake asubuhi ile ilikuwa nusu heshima, nusu woga. Lemayian anaendesha gari la watalii usiku kwenye makorongo, amewahi kubadilisha tairi simba akitazama, lakini juu haendi. Taa ya dari ikiungua kwetu anaitwa fundi.

Nikawashika wote kila mtu kwa upande wake, nikatoa amri: Yeyo, mimi na Resiato tunapanda, baba mtu anabaki na hajaonewa. Wakakubali. Tukarudi mwisho wa foleni. Nilikuwa nikitazama mlima kila dakika. Wingu la kwanza lilitokea bondeni, dogo, jeupe, likapanda taratibu. Likafuatwa na jingine. Tulipofika tena mbele, mlima haukuwepo. Kulikuwa na ukuta wa kijivu tu, na Hemant akasema kwa huruma, "Dada, nikuambie ukweli. Ukipanda sasa utaona miti yangu."

Yeyo akasema hapandi. Hakusema kwa uchungu. Alikaa kwenye benchi, akaliweka shuka vizuri, akakunja mikono juu ya fimbo. "Kama haukutaka kuonekana, haukutaka," akasema.

Nilienda nyuma ya choo nikalia kwa hasira. Mama yangu aliomba kitu kimoja tangu anizae, nami nimewapangia Wajerumani elfu siku zao zikanyooka, na siku yake nimeivunja mgongo asubuhi na mapema. Lemayian akanifuata, akasimama karibu.

"Siku haijaisha," akasema.

"Mlima ule ukishajifunika umejifunika. Unajua."

"Najua. Lakini hata wewe husema mengine uyaache yacheze. Basi yaache."

Nilimchukia kidogo kwa kunikumbusha maneno yangu mwenyewe. Nikanawa uso.

Basi tukayaacha. Resiato aliendesha gari la kugongana akagonga kila mtu, hasa waliomwomba asiwagonge. Yeyo akasogea mpaka kwenye uzio wa magari yale, akakaa hapo saa nzima, kinywa wazi, akicheka kila watoto walipogongana na kunyanyuka wazima. Alisema hajawahi kuona mahali ambapo watu wanagongana na hakuna anayekasirika. Alipanda treni ya watoto mara mbili, magoti yamekunjwa mpaka kidevuni. Akinamama wa Leguruki walikuja kumsalimia, wakapeana habari za mifugo na mvua, Kimeru kikigonga Kimaa chetu na Kiswahili kikiamua. Tulikula vyombo viwili, Lemayian kwenye gari na sisi kwenye majani. Alasiri ikaja mvua nyepesi, watu wakafungasha, magari yakaanza kushuka. Mimi nilikuwa nahesabu kwamba siku imekwisha. Nilikuwa nimeshatengeneza moyoni maneno ya kumwambia Yeyo kwamba tutarudi, na nilijua kwamba hatarudi. Mtu aliyeomba mara moja maishani haombi mara ya pili.

Tulikuwa tunaelekea kwenye gari Resiato aliposema, "Mama, angalia."

Wingu lilikuwa linapasuka. Kwanza ikaonekana ncha, nyeusi, juu sana kuliko nilipokuwa naitafuta, halafu bega moja. Nikakimbia. Kwa umri wangu na sketi ile nilikimbia mpaka kwa Hemant, aliyekuwa anafunga mnyororo kwenye lango la gurudumu.

"Mzee Hemant, mama yangu. Mzunguko mmoja."

"Watu wamekwisha, dada. Kibanda kimoja peke yake siwezi. Upande mmoja ukiwa mzito gurudumu linavuta vibaya, na mimi roho za watu sichezei. Nipe watu wa kukaa upande wa pili, sawasawa na wa kwenu, nitawasha hata sasa hivi."

Nikageuka. Bustani nzima kulikuwa na sisi tu. Na Lemayian, aliyesimama mbali kidogo, uso upande mwingine, alikuwa amesikia. Nilimwona akilitazama lile gurudumu kutoka chini mpaka juu. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akamshika mkono Resiato.

"Mwambie Koko wako," akasema, "kwamba Paker atakaa upande wa pili. Yeye akiwa juu mimi niko chini. Mimi nikiwa juu yeye yuko chini. Hatutaonana."

Hemant alinitazama, akamtazama Yeyo na shuka lake, akamtazama Lemayian na mgongo wake, na nikaona jambo zima la asubuhi likimwingia kichwani. "Arey," akasema taratibu. "Hili gurudumu nimeliendesha miaka mitatu, sikujua limetengenezwa kwa ajili ya wakwe."

Yeyo alijua habari ya woga ule. Lemayian alidhani siri ya taa za dari ni yetu wawili, lakini mama mkwe hafichwi kitu. Akasema, "Resiato, mwambie Paker nimesikia. Mwambie Mungu amshike."

Tukaingia kibanda chekundu, Yeyo na mimi. Hemant akatuzungusha nusu, tukapanda, akawapakia wale wengine chini. Kisha chuma chote kikaanza kwenda. Tulishuka kwanza wakati wao wanapanda, na tulipofika usawa mmoja, sisi upande huu na wao upande ule, Yeyo alivuta shuka akafunika uso. Mimi nilichungulia. Mume wangu alikuwa amefumba macho, mikono miwili kwenye chuma, akiimba wimbo wa kanisani kwa kujikaza, na Resiato alikuwa akimsimulia kila kinachoonekana. Nikampenda siku ile kuliko siku ya harusi, na ile siku ya harusi nilimpenda sana.

Wao wakaenda juu, wakashuka. Sisi tukapanda. Mikaratusi ikashuka chini yetu, ikawa kama nyasi. Upepo ukawa baridi. Na mlima ukafunguka wote.

Nimeuona mara nyingi na bado siku ile ilikuwa kama sijawahi kuuona. Upande wa mashariki wa Meru haupo. Hapo ambapo sisi wa magharibi tunaona mlima mzima, huku ni shimo kubwa ajabu, ukuta wa mawe umesimama kuanzia kileleni hadi chini, mrefu kiasi kwamba jicho linachoka kuupanda. Na ndani ya shimo, katikati, kuna mlima mwingine mdogo mweusi, umekaa kama mtoto kwenye mapaja. Mawingu yalikuwa yakitambaa ukutani yakipungua. Jua lilikuwa limeshavuka kilele, na mwanga wake ulitokea nyuma ya ule ukuta, ukimwagika angani pande zote mbili.

Gurudumu likasimama. Chini nilimsikia Lemayian akimwambia Hemant, "Hapohapo! Sisi huku chini tuko sawa kabisa."

Yeyo alishusha shuka. Akatazama kutoka kileleni hadi chini.

"Umevunjika," akasema.

"Ndiyo, Yeyo. Zamani sana, kabla ya watu."

"Siku zote nauona mzima. Kumbe huku umevunjika hivi, na bado umesimama." Machozi yalikuwa yakimtoka, hayafuti. "Ni mkubwa, Nashipae. Nilidhani nimeuzoea. Ni mkubwa mno."

"Ni mkubwa, Yeyo."

Akatazama ule mwanga. "Jua linazama wapi?"

"Nyuma ya mlima," nikajibu, haraka kama ninavyowajibu wageni.

"Na huko nyuma ya mlima ni wapi?"

Nilikuwa nimesimama upande huu wa mlima na mamia ya watu na sijawahi kufikiri.

"Ni kwetu," nikasema. "Ni Olmotonyi. Ni pale nje ya boma la kwenu."

Yeyo akaugeukia mlima tena. Alitazama ule ukuta, na mwanga uliokuwa ukitoka upande wa nyumbani kwake, upande ambao alisimama kila jioni akiwa mtoto. Nikaona uso wake ukilegea taratibu, mpaka ukawa uso nisioujua, uso wa mtoto wa kike.

"Basi hakwenda mbali," akasema.

Akasimama ndani ya kile kibanda, magoti yake yaleyale, kikayumba, mimi nikamshika kiuno. Akaweka viganja mdomoni akaita kwa nguvu zake zote, kwa ile sauti ndefu ya kumwita mchungaji arudi nyumbani mbuzi wakishatangulia.

"Yiamat! Yiamaaat!"

Nilikuwa sijawahi kulisikia jina la mjomba wangu. Nikasimama karibu na mama yangu, na mimi nikaita.